Daktari Asiyejua Dawa

Joakim wa Matiri alirudi kutoka hospitali ya rufaa amenuna. Saratani ya tezi dume anayo, lakini haijatoka nje ya tezi, na daktari alimwambia wazi kwamba inatibika. Mwingine angeshangilia. Yeye alikerwa kwamba Dokta Ambokile alimpa njia mbili, kupasuliwa au kupigwa mionzi, akasema zote ni nzuri kwa hali yake, kisha akamwambia akachague mwenyewe.

Achague! Tangu lini mgonjwa akamwandikia daktari dawa?

Jioni akalipeleka jambo lake sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo yao.

"Huyo hajui kazi," alisema kaka yake mkubwa, Pankras, akimega ugali. "Daktari anayekuuliza dawa bado ni mwanafunzi. Waambie wakate. Kitu kikishatoka, kimetoka."

Wote wakaitikia. Shauri likaisha kabla ya ugali kuisha.

Joakim hakula. Kuna mambo daktari alimweleza ambayo hakuyatamka pale. Kisu kingeweza kumwacha akivuja mkojo. Mionzi ingemweka Dar es Salaam wiki kadhaa na pengine kumsumbua tumbo. Na njia zote mbili zingeweza kumpunguzia nguvu za kiume. Mwanaume wa huku atakutajia hata dhambi zake akishalewa, lakini hilo la chumbani atazikwa nalo.

Ghafla akasimama, akamwita mkewe. "Mama Beata! Njoo hapa!"

Mikono yenye matonge ikaishia njiani. Mwanamke sengu? Hedwiga akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akawaamkia mashemeji zake, akabaki amesimama.

"Wanasema nikakatwe," Joakim alimwambia.

"Hao wamesema. Wewe, baba Beata, unaogopa nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Naogopa kuvuja mkojo kanisani, watu wananiangalia," alisema. "Na naogopa yale yetu, yakiisha."

Pankras akainamia bakuli la maharage kama aliyeona kitu ndani.

"Yakipungua tutazeeka nayo hivyo hivyo," Hedwiga alijibu, macho makavu. "Nikikukosa wewe ndipo yatakuwa yameisha. Na kama mkojo ndio unaokutisha zaidi, si umeshachagua? Twende Dar tukapigwe hiyo mionzi."

Joakim akamwonea haya Dokta Ambokile. Huyo kijana wa watu angejuaje kinachomnyima usingizi, wakati yeye mwenyewe hakuwa amekisema hata kwa mkewe?

"Na kahawa yenu shambani je?" Pankras akaruka. "Imeshaiva!"

"Mtachuma ninyi mliotaka kisu, shemeji."

Joakim alicheka mpaka machozi yakamtoka mbele ya kaka zake wote, wala hakuyafuta. Alikuwa anakwenda kutibiwa, na kwa mara ya kwanza aliamini kwamba atapona.