Jina Nyuma ya Matofali

Muhsin alitaka asamehewe kwanza, kosa aje kuliungama baadaye. Watu wa namna hiyo wapo, tena wengi wao wana adabu nzuri kabisa.

Kosa lenyewe lilikuwa na miaka thelathini na minane. Yeye na Abdulwakil, vijana wawili wa Kipemba, walipanga chumba kimoja ughaibuni, mtaa wa Kilburn, na humo wakatengeneza gemu la kompyuta: mchuma karafuu anaruka tawi hadi tawi, paa hadi paa, akikosea anaanguka na kuanza upya. Abdulwakil ndiye aliyelibuni na kuichora kila hatua. Muhsin aliandika programu. Kwenye hatua ya tano Abdulwakil alificha jina lake. Ukisimama pembeni mwa ukuta ukaruka mara tatu, matofali yanadondoka, jina linatokea. Kisha mama yake akafariki, naye akaenda Pemba kukaa matanga. Kurudi, akakuta gemu limeshaingia madukani, kwenye kaseti, na jina juu ya kasha ni la Muhsin peke yake. Ukuta wa hatua ya tano nao, ruka utakavyo, haudondoshi hata tofali.

Hakugombana, wala hakwenda mahakamani. Alikata salamu tu. Wakikutana kwenye mikahawa ya Edgware Road, Abdulwakil hunyanyua kikombe chake, akahamia meza nyingine, basi. Muhsin angependa matusi kuliko kile kikombe.

Sasa kampuni moja ilikuwa inalitoa upya gemu hilo kwa mashine za kisasa.

"Tunalitoa kama lilivyokuwa, tofali moja halibadiliki," Sudha, binti wa kampuni, alimwambia kwenye simu. "Ila orodha ya majina iko wazi mpaka Ijumaa jioni. Kuna mtu mwingine aliyehusika?"

Muhsin akaomba apewe hadi hiyo Ijumaa. Alikuwa na hofu. Wenzake wa rika walikuwa wanazikwa mmoja mmoja, naye alijua kwamba haki ya mtu haifutiki kwa kusali na kufunga; mpaka mwenyewe atamke kuwa amekuwia radhi.

Ijumaa mchana akapanda treni hadi Edmonton, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mashine ya gemu lao, toleo la majaribio alilopewa na Sudha, ndani ya mfuko. Alikuwa amesikia Abdulwakil anaumwa. Ugonjwa gani, hakuuliza. Alimkuta amekaa ukumbini, amekonda, kikombe cha chai mbele yake.

"Asalaam aleikum, Abdulwakil. Ni mie..."

"Nshakusamehe, yakhe," Abdulwakil akasema. "Kaa kitako."

Muhsin alilia palepale mbele za watu, machozi ya kweli. Miaka yote ile, kumbe ilikuwa rahisi hivi! Akajifuta uso, akatoa simu. Ya nini kufukua ya zamani, na mwenye haki ameshasamehe? Akamwandikia Sudha kwamba hakuna mtu mwingine.

Placida, mtunzaji kutoka Bukoba, alikuja na kitambaa kufuta meza. "Shikamoo, mzee," akamwambia Muhsin.

"Nshakusamehe, mwanangu," Abdulwakil akawahi kumjibu yeye.

Placida akacheka. "Ahsante, babu. Huyu anasamehe kila mtu. Nikimwogesha ananisamehe. Jana kamsamehe mtangazaji wa TV. Kumbukumbu ndiyo imeondoka hivyo, maskini."

Radhi aliyoililia Muhsin ilikuwa ile ile aliyopewa mtangazaji. Kwa kukosa la kufanya, akaichomeka mashine kwenye TV, akamtia mwenzake pedi ya kuchezea mikononi.

Mikono ilikumbuka. Vidole vilivyokuwa vikitetemeka kwenye kikombe vilitulia, na yule mchuma karafuu akaruka hatua ya kwanza, ya pili, hadi ya nne, bila kuanguka hata mara moja. Placida akaacha kufuta meza. Hatua ya tano Abdulwakil aliuacha mlango wa kutokea, akaenda pembeni mwa ukuta, akaruka mara tatu. Ukuta ukabaki vile vile. Akaruka tena mara tatu. Na tena.

"Lilikuwa hapa," akasema. "Hapa hapa."

"Anatafuta nini, mzee?" Placida akauliza. "Kuna kitu pale?"

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Muhsin, na jioni haijafika. Neno moja tu lingetosha. Lakini binti huyu alikuwa amempa shikamoo, na anamtazama kwa heshima.

"Hakuna kitu," akasema. "Kachanganyikiwa tu, mwanangu."

Abdulwakil aliiweka pedi mezani. Kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie, alimtazama usoni, akamtazama sana. Kisha akanyanyua kikombe chake, akajiinua kwa tabu, akahamia meza nyingine.