Kasri la Kusikia

Kabla Luo Dechang hajakanyaga kizingiti, Daktari Zou Peilan alikuwa ameshajua anakuja, maana harufu ilimtangulia: popoo, moshi na mate yaliyolala. Daktari akainuka akafungua dirisha. Ilikuwa Januari, na baridi ya Xiangtan huingia mpaka kwenye mifupa, lakini kwake heri baridi. Luo alishalizoea dirisha hilo, akaamini sindano na hewa safi vinakwenda pamoja.

Mji mzima wa Xiangtan unatafuna popoo. Harusini mgeni hupewa pakiti kabla hajapewa kiti. Lakini Luo alipitiliza. Aliendesha lori miaka ishirini na saba akitafuna maganda ya popoo ili asisinzie, na sasa amestaafu, hana lori wala safari, bado anatafuna tangu anapoamka. Meno yalikuwa meusi tititi, na pembeni mwa midomo palikuwa na utando wa kahawia usiokauka. Kila alipokuja alitema makapi yake kwenye kopo la pamba zilizotumika, kisha akapangusa kidevu kwa kiganja, kiganja kwa suruali, hana hata habari. Zou alikuwa akilimwaga kopo lile ameugeuza uso, na mara mbili nusura atapike.

Shida yake ilikuwa sikio la kushoto, lililovuma kama birika jikoni, na taya lililokaza. Kwa maradhi ya namna hiyo, mtu aliyefundishwa tiba ya sindano za Kichina huanza na Kasri la Kusikia, nukta iliyo mbele ya tundu la sikio. Kasri hilo halipatikani mpaka mgonjwa afungue kinywa; ndipo kishimo kinapojitokeza chini ya kidole, na sindano ikapata pa kupita. Iko nukta nyingine, Lango la Chini, pale juu ya shavu, na hiyo hutafutwa kinywa kikiwa kimefungwa. Zote mbili hutibu sikio na taya.

Siku ya kwanza, mwezi wa kumi, Zou alimwambia afungue kinywa, pumzi ile ikampiga usoni, akasema upesi, basi, funga. Tangu hapo alimchoma Lango la Chini tu. Alijiambia kwamba taya lililokaza linataka Lango. Alijiambia hivyo mara kumi na nne, kila Luo alipokuja.

Safari hii Luo alifuatana na mkewe, Guizhen, ambaye hakuwahi kufika. Mama yule akakaa kwenye kiti cha pembeni na mfuko wake magotini. Luo akachomoa pakiti, akamnyooshea daktari kipande.

"Chukua, dada daktari. Kitakupasha joto, maana wewe na upepo mnapendana."

Zou akakataa. Akamwambia ateme alichonacho, alale, afunge kinywa. Alikuwa ameshaanza kulipapasa shavu la Luo wakati Guizhen alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua, kama ipo sindano ya kumrudisha mtu kwenye chakula. Zou akataka kujua chakula kimefanya nini. Guizhen akatia mkono mfukoni, akatoa kijiko cha plastiki chenye sungura kwenye mpini.

"Cha mjukuu wetu hiki. Cha kawaida hakipiti tena. Tangu mwezi wa kumi na moja namlisha uji kwa hiki, na pilipili hata akiilamba tu machozi yanamtoka."

Mtu wa Hunan, mkoa wa walaji pilipili, aliyeshindwa na pilipili! Zou akahamisha kidole kutoka shavuni mpaka mbele ya sikio.

"Kaka Luo, fungua kinywa. Fungua mpaka mwisho."

Luo akafungua. Zou akakisubiri kile kishimo, hakikuja. Akamwambia aongeze.

"Ndiyo mwisho wake," Luo akasema kupitia kwenye meno. "Kwani ulitaka nikuimbie?"

Kinywa kizima hupitisha vidole vitatu. Hiki kilipitisha kimoja, tena kwa taabu. Zou akavaa glavu, akachukua tochi, akaiinamia harufu ile. Nyama ya ndani ya shavu ilikuwa nyeupe na imekaza kama ngozi ya ngoma. Nyuma kabisa, penye gego la mwisho, palikuwa na kidonda chenye kingo zilizoinuka, na makapi ya popoo yamenasa humo.

"Hiki kidonda kina muda gani?"

"Nilikuja nacho kwako. Nilidhani umekiona siku ile ya kwanza."

Uongo ulikuwa tayari ulimini mwa Zou: Lango hutaka kinywa kilichofungwa, ndiyo maana hakukiona. Luo angeumeza wote. Zou akajichukia.

"Sikukiona," akasema. "Kinywa chako kinanuka, kaka. Kilinitia kinyaa, nikachagua mahali ambapo silazimiki kukitazama. Miezi mitatu."

Luo akageuka kuelekea ukutani. Guizhen akakifuta kijiko, ingawa kilikuwa safi, akakirudisha mfukoni.

"Mimi nalala karibu nacho miaka thelathini na miwili, daktari," akasema.

Zou akavua glavu. Akawaeleza kwamba nyama ile lazima ikatwe kidogo hospitalini ipimwe, kwamba huenda ni saratani, na kwamba wanakwenda sasa hivi, si kesho. Akafunga zahanati saa nne asubuhi, wagonjwa wawili wakiwa bado kwenye foleni.

Ndani ya teksi alikaa katikati, kati ya Guizhen na Luo. Luo alikuwa akitetemeka, na kila pumzi yake ilimfikia Zou shavuni. Dereva akanusa, akakunja pua, akashusha kioo.

"Pandisha kioo," Zou akamwambia. "Mgonjwa wangu anasikia baridi."