Kisima Kilichoitikia Salamu

Nasteha alikuwa chumbani kwake, juu ya duka la vipuri mjini Isiolo, chai ya maziwa ya ngamia ikipoa kando ya laptop. Alikuwa amemaliza kuandika programu ya zamu: mifugo ya nani inywe lini pale kisimani Kulamawe. Huko aliishi shangazi yake Asho na mbuzi arobaini, waliokuwa sitini kabla ya mvua kukatika.

Laptop ilikuwa kuukuu; ukiipa hesabu nzito inakoroma kisha inazima. Kwa hiyo Nasteha aliifunga programu katika WebAssembly, muundo ambao mashine nyingi huweza kuuendesha, akaituma mtandaoni kupitia API, mlango ambao programu huombana kazi, kwa kompyuta ya kukodi iliyoko ng'ambo. Kompyuta ile ipige hesabu huko, yeye apokee jibu huku.

Juu ya ombi aliandika salaam aleikum, akauliza hali ya watu wa nyumbani na ya mifugo. Kompyuta za kukodi huyaruka maneno kama hayo. Lakini Nasteha alilelewa na Asho, na kwa Asho hakuna anayefika kisimani akadai maji kabla ya kusalimu. Mazoea yana taabu.

Siku hiyo alikosea anwani. Alinakili ile ya mita ya kisima cha Kulamawe, kidude chenye laini ya simu kilichofungwa na Shirika la Majitele ili kipime maji. Kilikuwa kimesoma sufuri kwa miezi saba, tangu injini ya pampu ing'olewe ikatengenezwe. Mita ya namna hiyo haina uwezo wa kuendesha programu. Jibu lilirudi baada ya sekunde mbili.

"Waaleikum salaam. Nyumbani wazima, mifugo ina kiu. Zamu ya kwanza ni ya Asho. Injini hakuna. Maji yapo, alhamdulillahi."

Nasteha aliona jedwali la zamu lililokuja chini ya jibu limekaa upande, akalinyoosha. Simu ikalia.

"Eedo," alisema Asho. Shangazi wa Kisomali humwita mtoto wa kaka yake kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Maji imetoka."

"Imetoka wapi?"

"Si kwa bomba? Mbuzi yangu imekunywa ya kwanza, na hakuna mtu amepigana. Mungu akupe umri mrefu, eedo."

Nasteha alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Tangu hapo kila asubuhi, baada ya swala, alituma ombi lake kwa anwani ile ile ya mita, na maji yalitoka mpaka zamu ya mwisho. Jumatatu moja alishikwa na homa, hakutuma. Mita ikasoma sufuri, na mbuzi wawili wa Asho wakafa.

Wiki iliyofuata jibu liliongeza mstari ambao hakuna aliyeuandika: "Injini iko shamba la vitunguu la mkurugenzi wa Majitele. Inanguruma vizuri."

Nasteha alichapisha majibu yote, akayapeleka kwenye shirika. Abdighani, karani wa visima, alimkaribisha kiti, akasoma karatasi moja moja bila haraka.

"Dada, hii kisima inakujibu?"

"Kila siku. Lakini bila mimi haitoi maji. Tunataka injini yetu irudi."

"Hapo ndio shida. Kisima mbovu haiwezi kujibu mtu." Akapiga muhuri, Kinafanya Kazi, akafunga faili. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamfungia vitunguu kilo mbili vilivyoletwa ofisini na mkurugenzi. Vilikuwa vitunguu vizuri, vikubwa, vya rangi ya damu. Nasteha alishukuru, kwa maana Asho alimfundisha pia kutokataa cha mtu. Jioni akavipikia wali, machozi yakamtoka tangu alipoanza kumenya.

Asubuhi aliamka, akaswali, akafungua laptop. Alisalimu kwanza, akauliza hali ya watu wa nyumbani na ya mifugo, akatuma.

"Waaleikum salaam," kisima kilijibu. "Nyumbani wazima. Vitunguu vimestawi. Zamu ya kwanza ni ya Asho. Injini hakuna. Maji yapo, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," alisema Nasteha, na alimaanisha.