Pole za Mama Funguo

Meneja mpya wa kiwanda cha sabuni alitoka ng'ambo, na Kiswahili chake alijifunza kwenye simu. Simu ilimfundisha mengi mazuri, ila neno "pole" ilimwambia ni kuomba radhi, basi. Na kwao, anayeomba radhi ndiye mwenye kosa.

Mtunza stoo, ambaye wote walimwita Mama Funguo kwa jinsi funguo zilivyomlia kiunoni, hakuwa mchoyo wa pole. Meneja alipoteleza kwenye povu mlangoni, alimkimbilia: "Pole, baba!" Meneja akamtazama, kisha akaitazama sakafu. Mashine ya kukatia miche ya sabuni ikakwama, Mama Funguo akapita: "Poleni jamani." Gari la meneja likapata pancha: "Pole sana." Hata tumbo lilipomshika, ni yeye aliyemletea chai ya moto. "Pole na kuumwa."

Hapo meneja akaona yamezidi. Sabuni amwage yeye, mashine aharibu yeye, matairi atoboe yeye, na sasa sumu!

Akamwita ofisini pamoja na karani wa utumishi na fundi wa mitambo, ambaye alikuwa shemeji yake Mama Funguo.

"Mama huyu amekiri yote: sabuni, mashine, tairi, hata sumu ya kwenye chai," meneja akasema. "Sina chuki naye. Nataka kujua tu, kwa nini?"

Mama Funguo akamgeukia fundi. "Shemeji, anasemaje huyu?"

"Anasema ulimtilia sumu."

"Mimi? Na sukari yote ile niliyomtilia!"

"Na tairi?" meneja akauliza. "Ulisema pole sana. Sana!"

Fundi akacheka, kisha akajitia kukohoa. Karani akajificha nyuma ya faili. Meneja, uso umemwiva kama nyanya, akajitupa kitini kwa hasira. Mguu wa kiti ukakatika, bosi akaenda chini mzima mzima.

"Pole!" wakasema wote kwa pamoja, hata mfagizi aliyekuwa nje ya dirisha.

Meneja akabaki sakafuni, akiwatazama mmoja mmoja.

"Hamjakigusa," akasema taratibu.

"Hatujakigusa," fundi akajibu. "Pole si kukiri, bosi. Ni kusema umeumia, na sisi tumeona."

Meneja akainuka, akajipangusa. Kisha akasimama mbele ya mtunza stoo. "Nimekukosea, mama. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nisamehe."

Vicheko vikakatika. Mabosi waliotangulia, hata wakikosea mchana kweupe, walibadilisha mazungumzo tu. Mama Funguo hakujua auweke wapi uso.

"Yameisha, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Siku nyingine uliza. Kuuliza si ujinga."

Jioni ile fundi alijipa moyo, akabisha hodi kwa meneja. Aliporudi stoo, alikuwa kama mtu aliyeota.

"Vipi, shemeji?"

"Nimemwambia mkanda wa ile mashine iliyokwama niliagiza usioifaa, nikauficha nyuma ya pipa."

"Mungu wangu! Kakufukuza?"

"Kanishukuru."

"Kakushukuru?"

"Kanipa na mkono. Kisha akaniuliza mkanda unaofaa tutaupata lini."

Mama Funguo akavuta kigoda, akakaa. "Hebu nieleze tena," akasema, "tangu ulipobisha hodi."