Mamba wa Shinyanga

Mamba walikuwa sita, wameoteshwa kwa mstari kama mihogo, vichwa juu ya udongo na mikia chini. Pembeni yao alisimama mkulima mwenye kofia pana, jembe begani, anacheka. Juu ya picha, kwa mwandiko wa mtoto anayebana penseli utadhani itamtoroka, palikuwa na sentensi moja: Wananchi wa Shinyanga hulima mamba. Chini yake, kwa wino mwekundu uliokaribia kutoboa karatasi, mwalimu alikuwa ameandika maneno yake.

Maneno yale niliyasoma mwenyewe, kidole chini ya kila silabi, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Mtoto huyu ni mzembe na anadharau. Mzazi afike Ijumaa kumchukua.

Nilikaa kwenye kigoda changu, daftari mapajani. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, nami nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kabla ya siku ile sikuwahi kusoma barua kwa macho yangu mwenyewe. Wenzangu wa kisomo cha watu wazima walianza kwa kusoma majina ya watoto wao. Mimi nilianza na tusi.

Benedikta ndiyo jina langu, mtu wa Masasi. Miaka hiyo niliuza mihogo ya kukaanga Kariakoo, jirani na pale soko jipya lilipokuwa likijengwa. Mashine ya zege ilinguruma kutwa nzima, nasi wauzaji tukazoea kusemezana kwa midomo bila sauti. Mteja akiwa ng'ambo ya barabara nilikwishajua kama anataka muhogo wenye pilipili au usio na pilipili. Mihogo yangu haikuwahi kuungua hata siku moja, na wanaonijua watakwambia hivyo hivyo. Kasmir, mume wangu, alikuwa bara kwenye ujenzi wa reli ya kwenda Zambia, akirudi mara mbili kwa mwaka. Mjini tulibaki mimi na binti yetu Severa, mwenye miaka tisa, katika chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu.

Severa alizaliwa anasikia vizuri tu. Alipotimiza miaka mitano homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki tatu, akaamka na akili yake yote ila masikio. Alibakiwa na ngoma, honi na radi, tena kwa mbali. Maneno aliyokuwa nayo hakuyasahau. Aliyasema kwa sauti inayopanda pasipo mlima na kushuka pasipo bonde, na watoto wa mtaani walimwiga.

Nilipompeleka kuandikishwa shule sikusema. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto wa namna ile hupelekwa shule ya viziwi, mbali huko bara, na nafasi zenyewe za kugombania. Akikosa, basi hukaa nyumbani akawa wa kutumwa maji. Nikamfundisha binti yangu: mtazame mwalimu mdomoni, akikuita simama, akikuuliza kama umeelewa, sema ndiyo. Nikajiona mjanja kweli. Ujanja ule ndio uliomponza mwanangu, na sitamsukumia mtu mwingine lawama hiyo, hata leo na uzee huu.

Mwalimu wake wa darasa la tatu aliitwa Anselmi, kijana wa Kilimanjaro, msafi, mchapakazi, mwenye masharubu mazito aliyoyachana kwa kitana kidogo. Vitabu vilikuwa haba, watoto wanne kwa kimoja, kwa hiyo kazi ya nyumbani aliitoa kwa imla kabla ya kengele ya mwisho. Wenzake Severa waliandika walichosikia. Severa aliandika alichookota chini ya masharubu yale, na mwalimu akigeukia ubao hakuokota kitu. Kila siku aliporudi nilimuuliza mwalimu kasema nini leo, na kila siku hakunijibu. Alinyoosha mkono tu, akanipa daftari.

Daftari nililipeleka kwa Shomari, fundi cherehani wa barazani kwetu, anisomee maneno mekundu. Shomari alisoma, akakohoa, akasema mwalimu anaandika kwamba mtoto anajitahidi, nimtie moyo. Mwaka mzima nikamtia moyo. Mwaka mzima nikampelekea mwalimu mihogo yenye chumvi ya kutosha, imefungwa kwenye gazeti, na shukrani juu.

Sasa, siku ile ya mamba, nikafunua kurasa za nyuma moja baada ya nyingine. Hasikilizi. Anacheka hovyo. Amerudia makosa kwa makusudi. Fimbo nne. Nikaisoma ile fimbo nne mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliomba niwe nimekosea herufi. Kisha nikatoka na daftari mpaka barazani. Shomari alinitazama, akalitazama daftari, akaachia kanyagio la cherehani.

"Ningekwambia, ungefanya nini?" akauliza.

"Ningejua."

Alikuwa mtu mwema, Shomari, na wema wake ulinigharimu mwaka wa mwanangu. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu watatu: yeye, mwalimu, na mimi mwenyewe. Hapo nikakumbuka kwamba siku mbili nyuma Severa aliniuliza kama mamba hupandwa kwa mbegu au kwa pingili. Nilicheka, nikamwambia mamba halimwi. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiyekwenda shule. Mwalimu amesema, na mwalimu hasemi uongo. Mtoto hakuwa anamdharau mtu. Alikuwa ameamini kupita kiasi.

Lakini kwa nini mamba? Nikasimama pale barazani nikijiuliza. Bi Sitara, binti aliyetufundisha kisomo katika ofisi ya tawi la TANU, alikuwa akituimbisha silabi kila alasiri: ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, pa pe pi po pu. Shomari alikuwa na kioo kirefu cha wateja kujitazamia nguo. Nikasogea mbele yake nikaziimba bila sauti, kama tunavyosema sokoni mashine inaponguruma. Kisha nikasema pamba. Nikasema mamba. Nikasema bamba. Mdomo uliokuwa kwenye kioo haukubadilika hata chembe. Nikamwita Shomari atazame, nikarudia yote matatu.

Alivua miwani, akaipangusa kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena. "Mbona umesema neno moja mara tatu?"

Nikamsamehe papo hapo.

Siku zilizobaki kabla ya Ijumaa sikwenda sokoni. Nilikaa na Severa sakafuni tukatafuta njia. Tuligundua kwamba ukisema ma, pua inatetemeka. Ukisema pa, pumzi inagonga kiganja. Ukisema ba, pua haitetemeki na kiganja hakipati kitu, ila koo linacheza. Basi nikawa nasema neno na kushika pua, au kupuliza kiganja, au kugusa koo. Kufikia Alhamisi alasiri nilimwambia maneno hamsini, akakosa mawili. La pili lilikuwa kosa langu, nilishika pua nilipotaka kushika koo, naye akanikaripia.

Ijumaa nilivaa gauni langu la kanisani, nikamshika mkono tukaenda. Mwalimu Mkuu, Mzee Awadhi, alikuwa amekaa nyuma ya meza, Mwalimu Anselmi amesimama ubavuni pake, mikono nyuma. Nikasema shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Daftari likawekwa mezani, mamba wakiwa juu. Mzee Awadhi akasema kwamba nchi nzima inaambiwa siasa ni kilimo, wakulima wa pamba wanatoka jasho, na huyu mtoto anakaa kuchora kejeli. Akasema pia kwamba wako watoto wengi nje wanaolilia dawati lake.

Nikawaambia ukweli. Nilisema mtoto hasikii, na kwamba niliwaficha tangu siku ya kwanza, na kwamba kama kuna wa kuchapwa ni mimi.

Mwalimu Anselmi alimtazama Severa kama ndiyo kwanza anamwona. Mzee Awadhi naye akalainika, na ulaini wake ukawa mbaya kuliko ukali. Alisema ataniandikia barua ya kuombea nafasi shule ya viziwi, na nafasi ikikosekana basi nisivunjike moyo, mtoto wa kike ana kazi nyingi za kujifunza nyumbani.

"Hapa si mahali pake, Ndugu Benedikta," akasema. "Mwalimu ana watoto hamsini na wawili. Hawezi kujigeuza kwa ajili ya mmoja."

Damu ilinipanda. Sijui watu wengine hufanya nini damu ikiwapanda, mimi hutulia. Nikaomba karatasi mbili na kalamu mbili, moja kwa kila mmoja wao. Nikawaambia mwanangu anafukuzwa kwa imla, basi na wao niwape imla, sentensi moja tu, wakiipata nitamchukua niende naye na sitarudi kusumbua. Mzee Awadhi alitaka kukataa, lakini Mwalimu Anselmi alikwishaichukua karatasi. Alikuwa kijana, na vijana hawapendi kuambiwa watashindwa mtihani.

Nikawatazama usoni wote wawili, nikasema sentensi yangu polepole, mara mbili, bila sauti. Wakaandika. Nikageuza karatasi zao.

Mwalimu Anselmi alikuwa ameandika: Mama amebeba bata. Mzee Awadhi: Baba amebeba bata. Kalamu ya wino mwekundu ilikuwa mfukoni mwa shati la Mwalimu Anselmi. Nikanyoosha mkono, naye akanipa. Sijui kwa nini alinipa. Nikapiga mkasi juu ya ya kwanza, nikapiga mkasi juu ya ya pili.

"Papa amebeba bata," nikasema.

"Papa habebi bata," akasema Mwalimu Anselmi. "Hiyo sentensi haina maana."

"Wala Shinyanga hawalimi mamba, Mwalimu. Mwanangu aliandika alichokiona kwako, akakiamini. Ninyi mmesoma, mmekaa karibu, nimewatazama usoni, nimesema mara mbili, na bado mmekosa. Na mimi sina masharubu."

Mzee Awadhi aligeuza uso dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo, nami sikujali kama anacheka au anakohoa. Mwalimu Anselmi hakucheka. Alipitisha kidole juu ya mdomo wake taratibu, upande mmoja mpaka mwingine.

Hapo Severa, ambaye hakuwa amepewa ruhusa ya kusema, akasogea mezani. Akaweka kidole juu ya mamba wa kwanza. Akashika pua yake, akasema kwa ile sauti yake ya milima na mabonde, "Mamba." Kisha akapuliza kiganja chake. "Pamba." Akamtazama mwalimu. "Ulisema ipi?"

Mwalimu Anselmi aliinua mkono wake wenye chaki kwenye kucha, akausogeza mdomoni, akapuliza.

Severa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Mzee Awadhi alisema darasa ni la Mwalimu Anselmi, na uamuzi ni wake. Mwalimu Anselmi alisema, bila kunitazama, kwamba mtoto aje Jumatatu. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Kabla ya kuondoka niliinama mezani nikaandika kwenye daftari, chini ya wino wake, barua yangu ya kwanza maishani: Mwalimu, sema ukimtazama. Kazi ya nyumbani andika ubaoni. Asipoelewa usimpinge. Nilitaka kuandika usimpige. Aliliona kosa, kwa maana kalamu nyekundu ilitoka mfukoni, ikasimama hewani, ikarudi mfukoni.

Watu wengi wamesema mengi tangu wakati ule. Wako walioniita jeuri, na ndugu zake Kasmir walisema mwanamke aliyejua kusoma juzi anamsahihishaje mwalimu. Niliwaacha waseme. Sikuwa nimekwenda pale kutafuta sifa. Nilikwenda kutafuta dawati moja.

Jumatatu alasiri nilikuwa kwenye jiko langu, mafuta yamechemka, vipande vya kwanza vimeshatumbukia. Severa alitokea kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu na mkoba wake wa kitambaa. Mashine ya zege ilikuwa inanguruma. Nikamuuliza kwa mdomo, kama kila siku, mwalimu kasema nini leo.

Nilinyoosha mkono kupokea daftari. Hakunipa. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akaweka mkoba mapajani.

"Mwalimu ana mdomo, Mama," akasema. "Mpana. Na jino moja limemeguka."

Kisha akaendelea. Alisema leo mwalimu kasema habari za mvua, inavyotoka baharini na inavyorudi. Alisema kuna mtoto alimcheka mwalimu aliposhika pua, na mwalimu akawashikisha darasa zima pua. Alisema mwalimu ana mdogo wake anayeitwa Isidori, aliyewahi kuanguka kisimani akatolewa mzima. Aliongea na kuongea, na wateja wakasimama mbele yetu wakiwa na sahani zao, na moshi ukaanza kupanda kutoka kwenye karai. Mihogo ikaungua yote, nami sikuinuka.