Walisema Ameteleza

Ukungu wa Usambara hauteremki kutoka mbinguni, Kristofa. Hupanda. Hutoka chini korongoni, hutambaa juu ya mawe, hushika majani, hushika mizizi, na ukifika juu hulala njiani, mweupe, mzito, mpaka mpita njia asijue ardhi inaishia wapi na utupu unaanzia wapi.

Mimi nilijua. Kujua huko ndiko kulikokuwa kazi yangu.

Sikuwa na bunduki. Sikuwa na upinde, wala sumu, wala kisu cha kuficha kiunoni. Nilikuwa na mlima, mikono miwili, na subira. Nilimngoja mtu pale njia inapobana, nikamsalimu, akaniitikia, na ukungu ulipoondoka njia ilikuwa tupu. Watu walikuja na kamba, wakamtoa kwenye mawe, wakamwosha, wakamzika, wakasema: ameteleza.

Watu saba, Kristofa. Saba walioteleza.

Ilikuwa miaka ya matuta, miaka ya Mwingereza, Washambaa walipolazimishwa kuchimba matuta milimani, wakachimba mpaka migongo ikakataa, kisha na vinywa vikakataa. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashamba aliyetaka vinywa vile vinyamaze. Bwana yule sikupata kusema naye hata siku moja. Alikuwa na karani, kijana nadhifu, kalamu mfukoni, viatu visivyojua tope. Jina lake Paskali. Paskali hakutamka kuua. Alisema tu, "Fulani atapita Jumanne," akageuka, akaenda zake, na Jumanne ikafika.

Wa mwisho alikuwa Timotheo wa Mgwashi, mwaka hamsini na saba. Paskali alimwita asubuhi, kwamba anatakiwa barazani. Timotheo akamuaga mkewe, akashika njia ya korongo. Nilikuwa hapo.

Kisha Uhuru ukaja, na ngoma zake. Bwana akapanda meli. Paskali akavua kofia ya karani, na kichwa kile kile, chenye mambo yale yale, kikavaa kofia ya mwenyekiti. Mimi nikahama, nikafika Kwemvumo pasipo mtu wa kunijua, nikapanda kabichi, nikapanda miplamu, nikajiita mkulima. Miaka mitatu baadaye nani akaletwa kuwa mkubwa wetu? Yeye. Tulitazamana siku ya kwanza mbele ya umati, tukasalimiana kama wageni. Mbwa wawili walioiba pamoja hawabwekeani.

Na wewe ukaja maishani mwangu bila kubisha hodi. Nilipougua mapafu, majirani waliposema huyu ameshakwenda, wewe ulikata miti miwili, ukafunga blanketi, ukatafuta mwenzako wa kushika upande wa pili, mkanibeba kwa machela mpaka hospitali ya Bumbuli. Njia nzima ulikuwa ukiimba ili nisilale. Ulikuwa seremala, mwalimu wa elimu ya watu wazima, mwana wa Kilutheri asiyekosa ibada. Mimi nilikuwa mzee asiyejua hata herufi moja. Ukanifundisha. Ulishika mkono wangu huu ndani ya mkono wako, ukauongoza juu ya ubao. S. H. E. Uliniita rafiki. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na sikukuambia ulikuwa umeshika nini.

Mwaka wa sabini na nne, watu wakihesabiwa na kupangwa vijijini, mama mmoja alikuja kwako kutoka Mgwashi. Jenoveva, mjane wa Timotheo. Alitaka kuandikiwa barua kwa wakubwa wa Tanga: kwamba mume wake hakuteleza, kwamba Paskali ndiye aliyemwita asubuhi ile, kwamba barazani, alipokwenda kuuliza, hakukuwa na shauri lolote lililomngoja. Uliiandika kwa moyo wako wote. Ukanisomea, ukiniomba nisikilize kama maneno yanakaa vizuri.

Nilikuambia yanakaa vizuri.

Jibu likaja: Alhamisi wakubwa wawili wangefika Kwemvumo, wasikilize mbele ya watu. Lakini barua za kijiji zilipitia mezani kwa Paskali. Jumatatu mgambo wakakukamata, wakasema unakwepa shamba la ujamaa, wewe uliyekuwa ukifika kabla ya jembe lako. Wakakufungia kwenye ghala la mahindi. Saa nne asubuhi nikaitwa ofisini.

Paskali alikuwa akichonga penseli. Hakunikaribisha kiti.

"Yule mama atakuja Alhamisi kwa njia ya korongo," alisema. "Amezeeka. Wazee huteleza."

Nikamwambia kazi ile niliiacha.

"Basi mgambo wangu watamteremsha mwalimu wako Mombo, kwa njia hiyo hiyo. Chagua wewe."

Akapuliza vumbi la penseli likanijia usoni. Nilimchukia, Kristofa. Nilimchukia kwa sababu ya sauti yake ya upole, nikamchukia kwa sababu alinijua, nikamchukia zaidi kwa kuwa mikono yangu, baada ya miaka kumi na saba, ilikuwa imekwisha kuanza kupima njia. Nikakichukia kijiji kilichopita mbele ya ghala lako kikitazama chini. Nikakuchukia hata wewe, kwa barua yako, kwa mwandiko wako mzuri.

Nikasema nitakwenda.

Sitajipamba. Nilikwenda kuua. Nilipima: mjane mmoja mzee upande huu, wewe upande huu. Naye akifa siri yangu ingekufa pamoja naye, na wewe ungetoka, ungenifundisha herufi zilizobaki. Nilitembea nusu siku nikipima, nilipofika pale njia inapobana nikasimama, nikachungulia. Pako vile vile. Mlima hauzeeki.

Nilimkuta Jenoveva uani, adhuhuri ya Jumatano, anapukuchua maharage. Mwembamba, mweusi, mgongo umenyooka. Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa amenizidi umri. Akaitika marahaba, akanitazama, akauliza mimi ni nani. Nilikuwa nimeandaa uongo njia nzima, kwamba wewe umenituma nimsindikize. Sikuwahi kuutoa.

"Wewe ndiye Sheshe," akasema. "Kristofa aliniambia. Kama nikizuiwa, alisema, atakuja rafiki yangu Sheshe, huyo ndiye atakayekuvusha korongo."

Ulisema hivyo, Kristofa. Ulimkabidhi kwangu kabla Paskali hajamkabidhi kwangu.

Nilikaa chini kwenye maganda ya maharage, nikamwambia. Sikumwambia kwa machozi. Machozi yangekuwa matusi. Nilimwambia nani alimwita mume wake na nani alimngoja. Nilimwambia nimetumwa na nani safari hii, na kwa nini, na kwamba wewe umo ghalani.

Aliendelea kupukuchua mpaka ungo ukajaa. Kisha akaniambia niingie kwenye banda la mbuzi, akalifunga kwa nje.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua, kanga imefungwa imara kiunoni, fimbo mkononi.

"Utatangulia," alisema. "Na utapita upande wa korongo."

Ukungu ulikuwa umepanda mapema. Tulitembea, mimi mbele, yeye nyuma, fimbo yake ikigonga jiwe, ikigonga jiwe, ikigonga jiwe. Mkulima mmoja aliyetukuta alitusalimu kwa Kishambaa, akacheka akisema wazee tumetoka kuposa. Tulipofika pale njia inapobana fimbo ilinyamaza.

Nikasikia kiganja mgongoni mwangu.

Kilikuwa cha moto, kimetandaza vidole vyote vitano. Sikugeuka. Mbele ya vidole vya miguu yangu palikuwa na weupe mtupu, na chini ya weupe, mbali, maji yalikuwa yakisema. Nilijua kishindo cha kuanguka, nilijua muda wake, kwa kuwa nilishawahesabia wengine. Nilifumba macho. Nikasema moyoni: afanye. Watu watakuja na kamba. Watasema.

Kiganja kilikaa. Kilikaa.

"Tembea," Jenoveva akasema. "Mdomo wako bado nauhitaji."

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Wakubwa wa Tanga walikaa kwenye viti, Paskali katikati yao akiwamiminia chai. Aliniona kwanza mimi, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeletewa mzigo wake. Kisha ukungu ukamtoa Jenoveva nyuma yangu, na chai ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye sahani, ikamwagika mezani.

Sikungoja kuitwa.

"Naitwa Sheshe," nilisema. "Timotheo wa Mgwashi hakuteleza. Nilimsukuma mimi. Aliyenituma ni huyu anayewamiminia chai."

Paskali akacheka, akasema mzee amelewa. Akaamuru mgambo waniondoe. Mgambo wakawatazama wakubwa, na mmoja wa wakubwa akainua mkono: aachwe aseme. Nikawataja. Sefania wa Vuga, hakuteleza. Zahoro mchunga mbuzi, hakuteleza. Silvano, hakuteleza. Danieli na mdogo wake Mosi, siku moja, njia moja, hawakuteleza. Na kila jina lilipotoka, mtu alisimama katika umati. Mama mmoja. Kaka wawili. Mwanamke aliyekuwa akininunulia kabichi kila wiki na kuniita baba, alisimama kwa jina la Efrazia, mama yake. Nilikuwa nimeishi katikati yao. Walikuwa wamenipa moto, wamenipa chumvi.

Jiwe la kwanza lilinipata begani. La pili sikuliona. Nilimsikia Jenoveva akilitaja ghala, nikamsikia mkubwa akiamuru lifunguliwe, nikamsikia Paskali akisema taratibu, taratibu, kwa sauti ile ile ya upole, mpaka mtu akamfunga mikono.

Nawe ukatoka. Ulisimama mlangoni unapepesa macho, unga wa mahindi kwenye nywele. Ulitabasamu uliponiona. Mtu akakusogelea sikioni.

Niliuona uso wako ukifungika. Sitaandika ulivyokuwa.

Wametufunga maisha, Paskali na mimi, yeye gereza lake na mimi langu, huku chini kwenye joto la mkonge, ambako asubuhi ni nyeupe kwa jua tu na hakuna kinachopanda. Mwaka wa tatu sasa. Wewe hujaja. Usije, kama huwezi. Barua hii nimeiandika mwenyewe, na makosa yake ni yangu, si ya mwalimu.

Lakini juzi alikuja Jenoveva. Amepanda lori la mboga hadi Muheza, akapanda jingine. Alikaa upande wa pili wa wavu wa waya, fimbo mapajani. Nilimwamkia. Hakuitikia.

"Nimekuja kwa jambo moja," akasema. "Mume wangu alisema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema alilitaja jina lako, mama. Neno dogo, tamu, na nani angenikanusha?

"Hakusema neno," nikamwambia. "Alipoyumba alinishika mkono. Alidhani nataka kumwokoa."

Askari alikohoa mlangoni. Kisha Jenoveva akauliza ni mkono upi.

Nikainua wa kulia, nikauweka kwenye wavu. Aliutazama, kucha, kovu, mishipa, kama mtu anayesoma. Akapitisha vidole vyake vikavu kwenye matundu ya waya, akaushika. Akaushika kwa nguvu, akaushika sana, macho yake yametazama kwingine, midomo yake ikisema maneno ya Kishambaa ambayo hayakuwa yangu kuyasikia.

Hakunishika mimi, Kristofa. Mimi sikuwapo pale.