Zamu ya Kubonyeza

Wanaouza mafunzo ya kublogu wana sentensi moja wanayoipenda: utaingiza pesa hata ukiwa umelala. Mimi nililala, nikaamka, nikalala tena, na pesa sikuiona. Nasema hivi bila kinyongo. Au niseme kweli: nina kinyongo kidogo.

Mimi ni fundi cherehani. Napunguza, naongeza, natia zipu, naokoa nguo ambazo wenyewe wamekwisha kuzikatia tamaa. Blogu yangu ilihusu hayohayo: namna ya kupinda suruali ya kitambaa kinachoteleza, namna ya kuziba tundu la kwapani bila kiraka kuonekana. Niliandika asubuhi kabla wateja hawajaanza kubisha hodi, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kukatia, na kila makala niliipiga pasi kama nguo ya mteja mgumu. Kuandika kulinipa raha ambayo kushona hakujawahi kunipa. Ukimshonea mtu, anavaa anakwenda zake. Ukiandika, unabaki na tumaini kwamba mtu usiyemjua, mahali usipopajua, ameshika sindano anakusikiliza.

Kampuni moja ilikubali kuweka matangazo yake pembeni mwa makala zangu. Msomaji akibonyeza tangazo, napata senti kadhaa. Lakini senti hizo hawakupi mpaka zifike kiwango walichokiweka wao, na zangu zilikuwa zinakwenda mwendo wa kinyonga.

Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na alitaka nikae kaunta. Si mtu mbaya. Kila mwezi ufundi ulipopungukiwa, yeye ndiye aliyenijazia kodi ya nyumba, na mtu anayekujazia kodi huwezi kumwambia asubiri milele. "Andika," aliniambia, "lakini maneno hayalipi kodi. Mwaka ukiisha hujalipwa hata mara moja, unakuja dukani." Nikakubali.

Aliyenitetea ni shangazi. Ndiye aliyetulea sisi wawili, na alikuwa muuguzi mkuu wa wodi hadi alipostaafu. Mpaka leo akiingia chumbani unajikuta umekaa wima.

"Mwache mtoto," alimwambia kaka. Kisha akanigeukia. "Hebu nieleze. Hiyo pesa inaingilia mlango gani?"

Nilimweleza kwa kifupi, kwa sababu nilikuwa na gauni la mteja linanisubiri. Mtu anafungua blogu, anabonyeza tangazo, napata kidogo.

"Akibonyeza tena?"

"Napata tena."

"Haya," alisema, akaendelea na chai yake.

Haukupita muda mrefu mambo yakabadilika. Nikifungua ukurasa wa mapato asubuhi, senti zimepanda. Mchana, zimepanda tena. Nilianza kuwaona akilini wasomaji wangu: huyu yuko dirishani anatafuta mwanga, yule ametia uzi mdomoni, wote wananifuata mstari kwa mstari. Nikaandika makala ndefu kuliko zote, ya kubadilisha zipu iliyokufa, na nikaitia mzaha humohumo. Nikampigia kaka simu nikamwambia atafute mtu mwingine wa kaunta. Alicheka. Alisema akiziona hizo pesa ndipo ataamini.

Zilibaki kidogo sana kufika kile kiwango ilipokuja barua pepe. Akaunti imefungwa. Wamegundua kwamba waliobonyeza hawakuwa na nia ya kweli na matangazo, hivyo pesa zinarudishwa kwa wenye matangazo, na akaunti nyingine sitapewa. Nilikata rufaa. Jibu lilikuja upesi mno hata lisiweze kuwa la binadamu, nalo lilikuwa hapana.

Nikajua nimehujumiwa. Nikamfikiria fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, ambaye kijicho chake hakijifichi, nikamlaani kimoyomoyo. Nikamtumia kaka ujumbe kwamba akaunti imefungwa, nikavaa viatu, nikaenda kwa shangazi kulia.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni walikaa shangazi na wenzake wawili waliostaafu naye, miwani puani, kila mmoja na simu yake. Nikawaamkia. Waliitikia bila kuinua macho.

"Kaa, mwanangu, tunamalizia," shangazi alisema.

"Mnamalizia nini?"

"Kazi yako. Nimewapanga zamu kama wodini. Sisi ni wa mchana, jioni wanaingia wengine. Unafungua, unabonyeza, unatoka, unafungua tena. Mwenzangu huyu kidole kimeota sugu."

Mwenzake akakiinua nikione.

Nilikaa. Swali lililonitoka halikuwa la pesa. "Ile ya zipu mmeionaje?"

Walitazamana. "Zipu gani?"

"Makala. Niliyoiandika."

"Mama," shangazi alisema kwa upole, "mtu akiwa kazini hasomi magazeti."

Hapo ndipo nilipoumia. Pesa nilikuwa nimekwisha kuzililia njiani. Sasa na wale wenye sindano walikuwa wameondoka, mmoja baada ya mwingine, wakabaki wanawake watatu na chai inayopoa. Nilikasirika, sitaficha. Ila nilikosa wa kumkasirikia. Kwetu mtu akiwa na shida watu hawaulizi masharti; wanakuja, kila mmoja na kidogo chake. Haba na haba hujaza kibaba, shangazi mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Mashine ya kampuni iliona mikono mingi inasukuma kitu kimoja, ikasema huu ni wizi. Ningemwelezaje shangazi kwamba duniani kuna pesa isiyotaka kusaidiwa na ndugu?

Kaka akaingia, shati bado lina vumbi la saruji. "Nimeona ujumbe. Wamefunga kwa nini? Kuna mtu kakuharibia?"

Kidole cha shangazi kikasimama juu ya simu. Namjua kaka. Angemsema shangazi palepale, mbele ya wenzake, na kila neno lingekuwa la haki.

"Hakuna aliyeniharibia," nilisema. "Wasomaji hawakutosha. Nitakuja dukani."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alinishika bega, akasema nianze Jumatatu, akarudi kwenye wateja wake.

Shangazi alivua miwani. Alisogea akanishika mkono, na macho yake yalikuwa yanalengwalengwa na machozi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, na moyo ukanipasuka, nikadhani ameelewa. "Niliwaambia hawa tuanze tangu alfajiri, wakaona uvivu. Tungebonyeza zaidi."

"Mlibonyeza vya kutosha, Shangazi," nilimwambia.